MAARIFA YA NYUMBANI: Mlio wa Ngoma katika Kompyuta ya Linux – Programu Ipi Ichaguliwe?

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Shambani methali hiyo ina haki yake, kwa maana mvua haimngojei mtu anayegeuzageuza mipini. Lakini katika fani ya muziki wa kompyuta, jembe lililookotwa bila kufikiri humla mkulima fedha na wakati, na mwishowe humwacha bila mavuno. Vijana wengi hununua kwanza na kuuliza baadaye. Wengine, na hilo ni baya zaidi, huchukua programu za wizi zilizovunjwa kufuli, na pamoja nazo huingiza nyumbani virusi vinavyoharibu barua za baba, picha za harusi na hesabu za duka la mama, vitu ambavyo aghalabu hukaa katika kompyuta hiyo hiyo moja ya jamaa nzima.

Jambo hili limezidi kuwa la haraka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizokuwa zikiendeshwa na mfumo huo bado ni nzima, ila hazitimizi masharti ya Windows 11. Njia mojawapo ya kuziokoa ni kuzitia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini. Linux hupatikana bila malipo, na wanaoitumia kwa muziki ni wengi. Swali linalobaki ni moja: kijana, kikundi cha ngoma au kwaya ambayo imepata kompyuta ya namna hiyo, ichague programu ipi kwa kazi ya kupanga midundo?

MAMBO MAWILI YASICHANGANYWE

Yako mambo mawili ambayo mwanafunzi wa fani hii hana budi kuyatenganisha tangu siku ya kwanza.

La kwanza ni sampuli. Sampuli ni sauti ya kweli iliyorekodiwa: mkono umeigonga ngozi, kipaza sauti kimeupokea mlio, nao mlio umehifadhiwa kwa tarakimu. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine iitwayo LM-1, mashine ya kwanza ya ngoma kuuzwa ikiwa na sampuli za ngoma halisi. Bei yake ilikaribia dola 5,000, na kwa hiyo ilinunuliwa na wenye studio kubwa tu. Leo kazi ile ile, na nyingine zaidi, hufanywa na programu isiyolipiwa hata senti moja.

La pili ni MIDI. MIDI si sauti, bali ni maagizo. Hueleza kwamba chombo fulani kigongwe sasa, kwa nguvu kiasi fulani, kisha kiachwe. Utaratibu huo ulitolewa mwaka 1983, na wanaotajwa kuwa waanzilishi wake ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Waya mmoja wa MIDI hubeba njia 16. Noti zake huhesabiwa kuanzia 0 mpaka 127, na nguvu ya pigo hupimwa kuanzia 1 mpaka 127. Agizo moja la kugonga lina baiti 3, nalo katika waya wa asili huchukua karibu milisekunde 1 tu kufika.

Faida ya kutenganisha mambo haya huonekana mara moja. Dakika moja ya sauti iliyorekodiwa kwa ubora wa santuri ya CD hujaza karibu megabaiti 10, hali maagizo ya MIDI ya wimbo mzima kwa kawaida huhesabiwa kwa kilobaiti tu. Tena, kwa kuwa MIDI ni maagizo, mpangaji aweza kubadilisha ngoma yenyewe bila kulipiga tena pigo hata moja. Mdundo uliopangwa kwa dramu za Kizungu asubuhi waweza kulia kwa ngoma za kijijini jioni, mradi sampuli za ngoma hizo zipo.

Na hapo ndipo penye kasoro. Mwaka 1991 watengenezaji wa vyombo walikubaliana juu ya orodha ya pamoja iitwayo General MIDI. Katika orodha hiyo njia ya 10 ni ya vyombo vya kugonga, na noti za 35 mpaka 81 zimegawiwa vyombo 47. Noti ya 36 ni ngoma kubwa ya mguu, ya 38 ni kidramu chenye nyaya, ya 42 ni matoazi pacha yaliyofumbwa na ya 46 ni matoazi hayo hayo yaliyofumbuliwa. Bongo na konga zimo. Lakini msondo hamna, chapuo hamna, engalabi ya Buganda hamna, wala ingoma ya Burundi. Basi kijana anayetosheka na sampuli alizopewa pamoja na programu atapiga ngoma za watu wengine maisha yake yote, hata kama wimbo wake ni wa harusi ya kwao.

MASWALI MANNE KABLA YA KUCHAGUA

Kwanza, kazi ni ipi? Kupanga midundo peke yake ni kazi moja. Kurekodi waimbaji juu ya midundo hiyo ni kazi nyingine. Kuandika noti za kuwagawia wanakwaya ni ya tatu. Programu moja haifanyi zote kwa ubora ulio sawa.

Pili, kompyuta ina nguvu kiasi gani? Itazamwe kama ni ya biti 64. Mfumo wa Debian, kwa mfano, katika toleo lake la 13 la mwaka 2025 uliacha kuandaa usakinishaji wa kompyuta za zamani za biti 32. Itazamwe pia kumbukumbu yake, kwa sababu sampuli nyingi hupakiwa humo kabla ya kulia.

Tatu, sampuli zitatoka wapi? Je, zitakuwa zile zilizokwisha andaliwa, au kikundi kitarekodi ngoma zake chenyewe?

Nne, midundo itaingizwaje? Anayepanga kwa kipanya, noti baada ya noti, ana haja tofauti na anayepiga kwa vidole juu ya kibodi au vibao vya mpira.

PROGRAMU ZENYEWE

Kwa anayeanza, na kwa kompyuta isiyo na nguvu nyingi, programu ya kutazamwa kwanza ni Hydrogen. Hiyo ni mashine kamili ya ngoma: upande mmoja vipande vya midundo hupangwa katika miraba, na upande wa pili vipande hivyo huunganishwa mpaka wimbo ukamilike. Hupokea MIDI kutoka kibodi, na hutoa kazi iliyokwisha kuwa faili ya sauti au faili ya MIDI. Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba humruhusu mwenyewe kuunda seti yake ya ngoma. Kila chombo chaweza kuwa na tabaka nyingi za sampuli, pigo dogo likaita sampuli ya pigo dogo, na pigo kubwa likaita ya pigo kubwa. Upungufu wake ni kwamba haikuundwa kwa ajili ya kurekodi waimbaji.

DrumGizmo ni ya mtu anayetaka dramu za Kizungu zilie kama zimepigwa na mtu chumbani. Seti zake zimerekodiwa kwa vipaza sauti vingi kwa wakati mmoja, na kila pigo lina sampuli kadhaa ambazo programu huchagua miongoni mwake, ili mapigo mawili yanayofuatana yasifanane kabisa. Gharama ya uzuri huo ni ukubwa: seti moja yaweza kufikia gigabaiti kadhaa. Kwa kompyuta ndogo huo ni mzigo wa punda juu ya mbuzi.

Wanaotaka kutengeneza vyombo vyao kwa utaratibu unaosomeka na programu nyingi watafaidika na SFZ. Faili ya SFZ ni maandishi ya kawaida yanayoeleza kwamba noti hii, kwa nguvu hii, iite sampuli ile. Huweza kuandikwa hata kwa programu ndogo kabisa ya kuandikia, na husomwa na sfizz na LinuxSampler. Mwenye faili za namna ya SF2 atatumia FluidSynth, programu nyepesi ya siku nyingi.

Sauti za watu zikihitajika, basi programu kubwa ya kurekodia haina budi. Ardour, ambayo mwanzilishi wake ni Paul Davis, hurekodi sauti na MIDI pamoja, nayo yafaa kwa kwaya na bendi. Msimbo wake ni huria. Watengenezaji huomba malipo kwa nakala waliyoiandaa wenyewe, lakini mifumo kama Debian huitoa katika ghala lake bila malipo. Qtractor, kazi ya Mreno Rui Nuno Capela, ni nyepesi zaidi na hutosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Rosegarden humpendeza mwalimu wa kwaya, kwa kuwa huonyesha MIDI kwa noti za muziki zilizoandikwa. LMMS, iliyoanza mwaka 2004, humfaa kijana wa muziki wa dansi anayepanga kila kitu ndani ya kompyuta. Haifai kwa anayetaka kurekodi waimbaji.

Zipo pia za kulipiwa zenye matoleo ya Linux, miongoni mwazo Reaper, Bitwig Studio na Renoise. Leseni ya bei nafuu ya Reaper ni dola 60. Ama FL Studio, inayopendwa na vijana wengi, haina toleo rasmi la Linux. Ziko hila za kuilazimisha ifanye kazi, lakini mwenye wimbo wa kumaliza kabla ya sikukuu asitegemee hila.

MLIO UNAOCHELEWA

Malalamiko makubwa ya wapigaji ni haya: kidole kinagonga, na mlio unakuja baadaye. Sababu yake ni kwamba kompyuta haitoi sauti tone kwa tone, bali hukusanya fungu la vipimo kwanza. Ikifanya kazi kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, fungu la vipimo 1,024 huchukua milisekunde 21, na fungu la vipimo 256 huchukua milisekunde 5 na kidogo. Katika hewa sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo milisekunde 21 ni sawa na kuisikia ngoma iliyo umbali wa mita 7. Hakuna mpiga ngoma anayekubali ngoma yake iwekwe mita 7 mbele yake.

Dawa ni kupunguza fungu, lakini kwa kiasi. Fungu likiwa dogo kupita uwezo wa kompyuta, sauti hukatika na kutatarika. Kazi ya kuongoza sauti katika Linux huanzia kwa ALSA, iliyo ndani ya kiini cha mfumo. Kwa miaka mingi wanamuziki waliongeza juu yake JACK, ambayo huunganisha programu moja na nyingine kwa haraka. Siku hizi mifumo mingi imepokea PipeWire, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2023, ambayo huzipokea programu zilizoandikwa kwa JACK bila kumsumbua mtumiaji. Tena mwaka 2024, katika toleo la 6.12 la kiini cha Linux, uwezo wa kuitikia kwa wakati halisi uliingizwa katika kiini chenyewe, baada ya kuendelezwa pembeni kwa muda wa miaka ishirini hivi. Kwa anayepanga kwa kipanya, hata hivyo, ucheleweshaji wa milisekunde 21 haumdhuru chochote, naye asitoe fedha zake kuutibu ugonjwa asio nao.

KUREKODI NGOMA YA KWENU

Sasa ifikiriwe kwamba kikundi kina msondo mmoja na mzee mmoja anayejua kuupiga ipasavyo. Mapigo yake makuu yawe manne: la katikati, la ukingoni, la kiganja kilichofumba, na la kijiti. Kila pigo lirekodiwe kwa viwango vitano vya nguvu, na kila kiwango kirudiwe mara nne. Jumla ni mapigo 80. Kila moja likipewa sekunde 2, kwa njia moja ya sauti, yote pamoja hayazidi megabaiti 15. Hata simu ya kawaida hubeba mara nyingi zaidi ya hapo. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.

Chumba kiwe kimya, dirisha lifungwe, na nguo au mablanketi yatundikwe ukutani kupunguza mwangwi. Mlio usiachwe ufikie kilele cha kipimo. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na katika kompyuta mpasuko huo hauzibiki: sauti iliyokatwa kichwa hairudi. Kilele kikae kama desibeli 6 chini ya mwisho. Kisha mapigo yakatwe moja moja kwa programu ya Audacity, kila faili ianzie pale pale mkono unapogusa ngozi, na yapakiwe katika Hydrogen kwa tabaka za nguvu. Yale marudio manne yasitupwe. Hydrogen yaweza kuyaita kwa zamu au kwa kubahatisha, na hivyo kuepuka ule mlio wa cherehani unaowachosha wasikilizaji.

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Mashine hupenda kuliweka kila pigo juu ya mstari, lakini ngoma za jadi haziendi hivyo. Katika ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashakwe hushika mdundo usiobadilika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Mashine inayoyaweka mapigo yote sawasawa huondoa kule kuongoza na kufuatana, na kinachobaki ni kelele iliyonyooka. Yafaa ngoma inayoongoza ipigwe kwa mkono juu ya kibodi bila kunyooshwa, na nyingine zisogezwe kidogo mbele au nyuma ya mstari, jambo ambalo Hydrogen na Qtractor huliruhusu.

HAKI YA ALIYEPIGA

Programu huria huja na leseni yake, na sampuli huja na leseni yake. Moja haifuniki nyingine. Katika hazina ya sauti ya Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, sauti nyingine ni huru kabisa, nyingine hutaka jina la mwenyewe litajwe, na nyingine hukataza biashara. Kila faili isomewe masharti yake kabla wimbo haujauzwa.

Onyo lipo karibu. Mwaka 1967 wapiga ngoma wa Burundi walirekodiwa, na sauti yao ikatolewa Paris katika santuri za Ocora. Mwaka 1971 huko Ulaya rekodi hiyo iliwekewa piano na magitaa juu yake, ikatoka kama wimbo uitwao Burundi Black, kwa jina la msanii ambaye si mmoja wa wapigaji wale. Kazi iliyohitaji wakati ule studio kubwa, leo hufanywa na kijana yeyote mwenye kompyuta ya Linux katika nusu saa. Kwa hiyo mzee aliyepiga msondo aombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa, akubaliane na kikundi juu ya malipo, na jina lake, jina la ngoma, mahali na tarehe viandikwe ndani ya seti yenyewe. Hydrogen imeacha nafasi za kuandika jina la mwandaaji, maelezo na leseni. Mzee huyo hatapiga milele, wala ngozi ya msondo haidumu milele. Wajukuu watakaoifungua seti ile wajue ni mkono wa nani wanaousikia.

UTARATIBU WA KUFUATA

Basi kwa jamaa yenye kompyuta moja na fedha kidogo, hatua zifuatwe kwa mpango huu. Kwanza, faili zote za nyumbani zinakiliwe mahali pengine. Pili, Linux ijaribiwe kutoka kijiti cha USB bila kugusa diski. Ubuntu Studio hutolewa kwa ajili ya kazi za namna hii, na mwenye kompyuta dhaifu atachukua Debian ya kawaida na kuongeza anachohitaji. Tatu, Hydrogen itumiwe peke yake kwa mwezi mmoja mpaka wimbo mmoja ukamilike. Nne, ngoma ya nyumbani irekodiwe. Tano, Qtractor au Ardour iongezwe wakati waimbaji wapo tayari, si kabla.

Kifaa cha kwanza kununuliwa kiwe vipokea sauti vizuri vya masikioni, ili jirani naye apate usingizi. Kibodi au vibao vya MIDI vije mwisho, na muuzaji aulizwe kama kifaa chafuata utaratibu wa kawaida wa USB MIDI, kwa maana kifaa cha namna hiyo hutambuliwa na Linux bila programu ya ziada. Muuzaji asiyejua jibu akiruhusu kifaa kijaribiwe hapo hapo dukani, mnunuzi aende na kompyuta yake kwapani.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza namna ya kuikinga kompyuta ya nyumbani na vumbi la kiangazi na umeme unaopanda na kushuka.